Madaftari ya marehemu baba niyapeleke wapi?

Ndugu zangu, naomba ushauri. Marehemu baba alikuwa fundi wa maabara hapa Nairobi, akichora wadudu kwa penseli. Ameacha madaftari 11. La kwanza mchwa wamelila pembeni, lakini bawa la nzige bado linaonekana hadi mishipa yake. Kwenye ripoti walizochapisha wakubwa wake, jina lake halimo. Hilo linaniuma sana. Kamoya Kimeu, Mkenya mtafutaji wa visukuku aliyeokota kipande cha kwanza cha Mvulana wa Turkana (mifupa ya binadamu wa kale) mwaka 1984, angalau yuko nyani wa kale aliyepewa jina lake, Kamoyapithecus. Je, niyapeleke Makumbusho ya Taifa au Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue? Na kabla sijayakabidhi, nidai nini kwa maandishi ili jina la mzee lisipotee?