Ami yangu aligonga kichwa wiki 3 zilizopita, naomba ushauri

Salaam jamani. Ami yangu, miaka 68, alianguka na bodaboda pale Buxton, Mombasa, bila helmeti (abiria gani huvaa?). Kliniki moja walimshona nyuzi 4 juu ya sikio, wakampa dawa za maumivu, akarudi nyumbani Majengo akicheka.

Sasa kidonda kimepona lakini yeye si yule. Asubuhi kichwa kinamuuma, anasinzia katikati ya mazungumzo, na jana niliona ndara ya kushoto ikiburuta sakafuni. Chai kaitia chumvi, akainywa yote.

Binamu yangu anasema ni upepo, tumwite mwalimu amsomee. Mimi nimesoma kwamba ubongo unaelea kwenye maji ndani ya fuvu, umefunikwa na tando 3. Kichwa kikigongwa, unatikisika humo. Kwa wazee ubongo umesinyaa kidogo, kwa hivyo vile vimishipa vya damu vinavyouunganisha na utando wa juu vimevutika, na hukatika upesi. Damu yaweza kuvuja polepole kwa majuma, na kwa kuwa fuvu halitanuki, kinachobanwa ni ubongo. Tena ami humeza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo.

Madaktari na waliopitia haya: nimkimbize hospitali usiku huu huu, au picha ya CT (ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa) yaweza kungoja Jumatatu? Aspirini ya kesho nimzuie? Na binamu nimwambieje asininunie? Mwenye gari ni yeye.