Mrejesho: Wazazi wa sekondari msingi, Kisumu

Habari wenzangu. Niliuliza tufanyeje wazazi wa shule yetu huku Nyalenda wajuane, maana tangu Gredi ya 7 ianze 2023 ndani ya shule za msingi, watoto wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) wamekuwa kama wapangaji. Aliyesema tuachane na mikutano ya hotuba, asante sana. Jumamosi tulipika nyoyo (mahindi na maharagwe) uani: baba mmoja wa bodaboda akakamata mwiko, mwalimu wa hisabati akachambua maharagwe huku akitaniwa. Sasa grupu la WhatsApp halilali (hiyo nayo ni shida nyingine). Wazazi wanaouza sokoni Kibuye hawakufika, Jumamosi wanajipanga kwa soko la Jumapili. Hao tutawatafutia jioni ya katikati ya wiki.