Marekani kufunga programu za kuwalea watafiti wa tiba kutoka jamii zilizoachwa nyuma: haki au dhuluma?

Binti Rungwe (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Tumeshajadili ushuru wa Trump, viza na dawa za ARV, ila hili limepita kimya na linatugusa. Mwaka 2025 NIH, zile taasisi za afya za serikali ya Marekani, zilifunga programu zilizokuwa zinawasomesha vijana wa jamii ambazo watu wake ni wachache sana maabara: MARC, U-RISE, Bridges na nyingine. MARC ilikuwepo tangu miaka ya 1970. Ilimchukua mwanafunzi wa shahada ya kwanza akiwa kwenye miaka yake miwili ya mwisho, ikampa posho na sehemu ya ada ili aache vibarua aingie maabara, amalize akiwa tayari kwa uzamivu.

Wanaounga mkono kufungwa wanasema fedha ya serikali isiangalie rangi ya mtu. Mimi nasema ilikuwa inaangalia tangu zamani. Mwaka 2011 jarida la Science lilitoa utafiti wa Ginther na wenzake: mwombaji Mweusi wa ruzuku ya NIH alikuwa nyuma ya Mzungu kwa kama pointi 10 za asilimia katika uwezekano wa kupata, hata baada ya kulinganisha elimu na machapisho. Mwaka 2019 utafiti mwingine ukaonyesha kuwa sehemu ya pengo hilo inatokana na mada. Watafiti Weusi huomba zaidi fedha za kuchunguza afya ya jamii, na mada hizo hazipewi kipaumbele.

Angalieni seli mundu. Marekani ina wagonjwa wapatao 100,000, wengi wao Weusi. Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, saistiki faibrosisi, unaoshambulia mapafu, wenye wagonjwa wachache zaidi na wengi wao Wazungu, na kwa miaka mingi umepata fedha nyingi zaidi kwa kila mgonjwa. Anayekaa maabara ndiye anayeamua ugonjwa upi uulizwe maswali. Je, serikali ile imetenda haki? Naomba hoja.

Msema Kweli wa Mbagala

Imetenda haki. Kodi inalipwa pia na dereva wa lori Mzungu wa West Virginia. Mtoto wake akiomba nafasi aambiwe rangi yake hailingani? Mahakama Kuu yao ilishalimaliza mwaka 2023 kwenye kesi ya Harvard, ilipozuia vyuo kudahili kwa kuangalia rangi.

Na tuambiane ukweli. Programu hizi ziliwekwa kwa ajili ya vitukuu vya watumwa. Wanaozijaza ni Wanigeria na sisi. Mtoto wa bosi wa Masaki kasoma shule ya kimataifa, akitua Marekani anahesabiwa mnyonge. Na wanaolia zaidi ni ninyi mliokwenda kubeba boksi, mnataka watoto wenu wapate mteremko mlioukosa.

Kaka Houston

Nimefika kwenye "kubeba boksi" na hapo ndipo nitakapojibu. Nimepanga mizigo ghalani usiku, miaka. Ada ya mdogo wangu ilitoka kwenye hayo maboksi. Bati la mama lilitoka kwenye hayo maboksi. Leo huyo mdogo wangu yuko wodini Dar anahudumia watu, huenda na wa mtaani kwako. Usinivunjie heshima kwa jasho langu.

Msema Kweli wa Mbagala

Mkuu, sijatukana kazi. Kazi ni kazi. Ninachosema, mkija Desemba mnatuona sisi wavivu, mnatuambia nchi hii haina maendeleo kwa sababu hatujitumi. Halafu likitokea jambo huko mnataka tuwaonee huruma.

Kaka Houston

Nani alikuita mvivu? Nitajie. Mimi Desemba nikija nalala kwa mama na nachimba naye shimo la choo. Unatuweka wote kwenye kapu moja, ndilo kosa lile lile unalodai kulipinga kwenye rangi.

Mwana Nyarugusu

Ndugu zangu, miye si mtoto wa Masaki. Nimezaliwa Fizi, Kivu Kusini kule Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, tukaletwa Kentucky, Marekani. Msema Kweli, umekosea jambo moja kubwa. Programu hizo zilikuwa za raia na wenye ukaazi wa kudumu peke yao. Mtoto wa bosi aliyekuja na viza ya mwanafunzi hakuwa na mlango pale, hata awe Mweusi namna gani. Sisi wakimbizi ndio tuliokuwa nao, kwa sababu mkimbizi anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu akitimiza mwaka mmoja nchini.

Dada yangu anasoma baiolojia. Usiku anafunga vifurushi, asubuhi yuko darasani. Mwalimu wake alikuwa anamwandaa aombe, kisha akamwita kumwambia hakuna tena cha kuomba. Sasa unisaidie kuelewa: dada yangu alimnyang'anya nani?

Binti Rungwe

Ahsante sana, Mwana Nyarugusu. Nimwongezee Msema Kweli kuhusu yule mtoto wa dereva. Vigezo vya NIH havikuwa rangi tu. Kulikuwa na ulemavu. Kulikuwa pia na mazingira magumu: aliyewahi kukosa makazi, aliyelelewa na familia aliyopangiwa na serikali, aliyekula chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato, ambaye wazazi wake hawana shahada, aliyekulia vijijini. Ukiwa na viwili katika hivyo, ulihesabiwa kuwa mlengwa. Mtoto wa West Virginia alikuwa ndani, kwa maandishi kabisa.

Kijana wa Kariakoo

Naomba kuuliza, huko kufunga vifurushi usiku dola ngapi kwa saa? Maana binamu yangu anasema 15 na mwingine anasema 22.

Kaka Houston

Inategemea jimbo na kampuni, dogo. Na usisahau kodi ya nyumba, ndiyo inayomaliza watu. Njoo pembeni nikueleze.

Shangazi wa Tanga

Wanangu, hebu turudini. Mimi ni mteknolojia wa maabara, nimestaafu. Mnasahau kwa nini jambo hili lilianza. Kule Tuskegee, Alabama, tangu 1932 hadi 1972, serikali iliwaangalia wanaume Weusi mia kadhaa wakiteketea kwa kaswende, na hata penisilini ilipopatikana hawakupewa. Miaka 40! Wangekuwepo watafiti waliotoka katika jamii ile, isingefika huko. Mtu hamwachi mjomba wake afe ili aandike ripoti.

Dk. Upanga

Shikamoo Shangazi. Kwa heshima zote, historia yenyewe inakupinga hapo. Muuguzi aliyewafuatilia wale wanaume miaka yote, Eunice Rivers, alikuwa Mweusi, na walimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Aliyetoa siri nje, Peter Buxtun, alikuwa Mzungu mhamiaji kutoka Ulaya. Rangi ya mtumishi haikuwaokoa. Kilichokuja kusaidia ni kamati za maadili na sheria ya ridhaa iliyotungwa baada ya kashfa. Naunga mkono programu hizi, lakini tusizitetee kwa hoja itakayoanguka.

Shangazi wa Tanga

Marahaba, mwanangu. Umesema kweli, na umeacha kitu. Rivers alikuwa muuguzi katika miaka ya ubaguzi wa sheria. Hakuandika mpango wa utafiti, hakushika fedha, hakuwa na uwezo wa kumwambia daktari simamisha. Nimefanya kazi maabara nikiwa mtu wa kutekeleza, nayajua hayo. Sampuli unazikusanya wewe, swali limeandikwa mbali, jina lako linakaa kwenye shukrani mwisho wa ukurasa. Programu kama MARC hazikuwa za kupata watu wa kukusanya damu. Zilikuwa za kumpata atakayeongoza. Usizichanganye hizo ngazi mbili.

Dk. Upanga

Hapo nakubaliana nawe, Shangazi.

Msema Kweli, kuhusu mahakama. Kesi ya Harvard ilihusu kudahili wanafunzi vyuoni, haikugusa ruzuku za utafiti moja kwa moja. Za NIH zilikuwa na kesi yake. Juni 2025 Jaji William Young wa Boston, aliyeteuliwa na Rais Reagan wa Republican, chama hicho hicho cha Trump, alisema kufutwa kwa ruzuku kwa mtindo ule ni kinyume cha sheria, na kwamba katika miaka yake 40 ya ujaji hajaona serikali ikibagua kwa rangi namna ile. Agosti Mahakama Kuu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikairuhusu serikali kuendelea kuzizuia fedha hizo.

Na kuna mfano ambao hata mpinzani wa rangi anapaswa kuutazama. Chuo cha UMBC, Maryland, kina programu ya Meyerhoff tangu 1988, iliyoasisiwa na Freeman Hrabowski kwa fedha za Robert na Jane Meyerhoff. Ilianza na vijana wa kiume Weusi, wakaja wasichana, na mwaka 1996 ikafunguliwa kwa rangi zote. Inawaita wanafunzi majira ya joto kabla chuo hakijaanza, wanasoma kwa vikundi, hakuna anayeachwa kujitafutia maabara peke yake. Kizzmekia Corbett, aliyekuwa mmoja wa waliobuni chanjo ya Moderna ya UVIKO pale NIH, ametoka humo. Siri ni malezi ya kundi zima na fedha ya kutosha.

Msema Kweli wa Mbagala

Chanjo tena! Hapo mmenigusa. Wale wale waliotuambia tuchanjwe haraka bila kuuliza, leo ndio mfano?

Dk. Upanga

Mkuu, ukitaka mjadala wa chanjo fungua uzi, nitakuja. Hapa nimemtaja mtu na alikotoka.

Kijana wa Kariakoo

Mimi sikuchanja na niko hai.

Shangazi wa Tanga

Na mimi nilizika kaka zangu wawili, mwanangu. Liacheni hilo.

Mkilifi Halisi

Mniruhusu niseme kutoka upande wetu wa Kenya. Ninyi mnawapigania watu wa Baltimore na Houston kule Marekani, sawa. Mbona hamsemi habari ya watafiti walioko hapa? Mei 2025 NIH hiyo hiyo ilisimamisha utaratibu ambao chuo cha Marekani kinapokea ruzuku kisha kinagawia taasisi ya nje. Kazi nyingi za ukimwi, kifua kikuu na malaria kwetu ziliendeshwa hivyo, na mafunzo ya vijana yalikuwa ndani yake.

Hapa Kilifi kituo cha KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, kipo tangu 1989. Watu wameingia wakiwa wanafunzi, wakatoka na uzamivu, sasa wanaongoza. Kuanzia 2015 kukawa na DELTAS, mpango wa kuwafunza watafiti wa Afrika, fedha za Uingereza zikisimamiwa na Waafrika kutoka Nairobi. Chanjo ya malaria ya R21, ile WHO iliyoikubali Oktoba 2023, majaribio yake makubwa yalifanyika Kilifi na Bagamoyo miongoni mwa vituo vingine, na Waafrika wakiwa viongozi wa vituo. Mtu akifundishwa hapa anaulizia magonjwa ya hapa. Akienda huko, mwisho anakuja Desemba na zawadi ya chokoleti.

Kaka Houston

Desemba tena? Mbona hii Desemba imewakaa hivyo?

Mwana Nyarugusu

Mkilifi, siwezi kurudi Fizi kufanya utafiti. Unajua kinachoendelea Kivu. Kuna watu ambao huko kwao hapako tayari kuwapokea, na kipaji chao hakiwezi kusubiri vita viishe.

Mkilifi Halisi

Pole ndugu, hapo sikukulenga wewe. Nawalenga wenye uchaguzi.

Binti Rungwe

Mkilifi, usiweke watu hawa wawili kwenye mzani mmoja. Dk. Julie Makani pale Muhimbili alipata ufadhili wa mafunzo kutoka Wellcome, na mwaka 2004 ikaanza kazi ya kuwafuatilia wagonjwa wa seli mundu ambayo imekuwa kati ya kubwa zaidi duniani katika kituo kimoja. Fedha ilimfundisha mtu mwenye swali lake mwenyewe. Ndicho ninachokitetea Baltimore, ndicho ninachokitetea Upanga. Mwaka 2023 Marekani ilipitisha Casgevy, tiba ya jeni ya seli mundu, dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nani ataulizia tiba ambayo mama wa Temeke anaweza kuifikia, kama watu wanaowajua akina mama hao wametolewa maabara za kule na za huku ndani ya mwaka mmoja?

Msema Kweli wa Mbagala

Sasa hapo ndipo mnapojichanganya. Fedha ya Wellcome, fedha ya NIH, fedha ya PEPFAR, ule mfuko wa Marekani wa ukimwi. MEPI, mpango wa Marekani wa mwaka 2010, ilimwaga kama dola milioni 130 kwa vyuo vya udaktari vya Afrika, KCMC Moshi ikiwemo. Zote za wageni. Mnamlaumu mwenye nyumba kwa kufunga mlango wake. Yetu iko wapi?

Mkilifi Halisi

Hilo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inasema mfuko wa utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa. Haijawahi kufika huko, hata jirani yake. Wabunge wanaijua, vyuo vinaijua, hakuna anayekwenda mahakamani.

Shangazi wa Tanga

Na kwetu Tanzania COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ipo kwa sheria ya 1986. Wafadhili wakipiga chafya, vijana wetu wa mkataba maabara ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani. Serikali itenge nafasi za kudumu za watafiti vijana, si semina. Hili mimi nitalisema hadi nizikwe.

Kijana wa Kariakoo

Kaka Houston nimekutumia ujumbe pembeni, hujajibu.

Binti Rungwe

Mada imehamia kwa serikali zetu, na ni mada halali. Lakini Msema Kweli, ulianza na mtoto wa dereva wa lori wa West Virginia. Nilikujibu kwamba vigezo vilimhusu. Umejibu boksi, Desemba, chanjo na MEPI. Yeye bado.

Msema Kweli wa Mbagala

Sikimbii. Kigezo cha umaskini nakikubali, na dada wa Mwana Nyarugusu nakubali alistahili. Wangeondoa rangi tu, wakaacha umaskini, mimi nisingekuwa na tatizo.

Binti Rungwe

Hawakuondoa rangi wakaacha umaskini. Wamefunga programu nzima, huyo mtoto wa dereva akiwa ndani yake.