Nani atamdhibiti mdhibiti wa umeme?

Mkazi wa Jinja: Ndugu zangu, hapa Uganda mkataba wa miaka 20 wa Umeme, kampuni binafsi iliyokuwa ikisambaza umeme, ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, na usambazaji ukarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Je, Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, itathubutu kuikemea kampuni ambayo mwenyewe ni serikali ileile inayowateua wajumbe wake? Marekebisho yaanzie wapi?

Fundi, Tororo: Yaanzie kwenye uteuzi. Kwa Sheria ya Umeme ya 1999, wajumbe watano huteuliwa na waziri kwa idhini ya Baraza la Mawaziri. Ningependa majina yapite bungeni, wahojiwe hadharani, na sababu za kumwondoa mjumbe zibanwe ili asiondolewe kwa kuwa amekataa bei fulani.

Mama Duka, Mbale: Mimi nadai maelezo kwanza. Bei hupitiwa kila robo mwaka kwa kutazama thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na bei ya mafuta, lakini mimi hupata tarakimu tupu. Nikinunua Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ya shilingi elfu kumi, tozo ya mwezi na VAT hukatwa kwanza, na friji ya soda haijui hayo.

Mkazi wa Jinja: Shukrani, mama. Angalau kwenye umeme tuna Baraza la Migogoro ya Umeme la kupeleka malalamiko. Maji yanasimamiwa na idara iliyo ndani ya wizara yenyewe.

Fundi, Tororo: Hilo la maji, ndugu, lastahili mjadala wake.