Ufunguo wa Fielder umepotea na sina spea, nisaidieni kabla ya Jumatatu

Kijana wa Donholm (Alhamisi usiku)
Wasee habari zenu. Niko na Fielder ya 2013, nimepoteza ufunguo Jumanne kwa matatu nikitoka tao, na sina mwingine. Gari iko kwa ploti imefungwa na Jumatatu asubuhi lazima itoke. Nimeuliza mafundi watatu, wa kwanza anasema lazima kompyuta ya gari ibadilishwe, wa pili ako Kirinyaga Road anasema atakuja na mashine hadi hapa kwa elfu kumi na nane, wa tatu anataka elfu mbili tu akate chuma niendelee na maisha. Nani mkweli hapo? Silali jameni, hiyo gari ndiyo inalipa nyumba.

Mama Tuo
Pole sana. Mimi yangu haikupotea, kava ilipasuka nikabadilishiwa na kijana wa hapo kando ya barabara, mia tano, inang'aa mpya. Mlango ukafunguka, stata ikazunguka, injini haishiki kabisa. Nikaita bredauni, nikanunua betri, nikabadilisha plagi, siku mbili nzima watoto wanaenda shule na boda. Kumbe chipu ilibaki ndani ya kava ya zamani na ile kava aliitupa! Tulienda kuitafuta kwa takataka mimi na yeye, tukaipata, kitu kidogo kama punje ya mchele.

Waya na Solda
Wote watatu wanaweza kuwa wakweli, inategemea gari. Chungulia kwa kioo saa hii, kuna taa ndogo nyekundu inapepesa kwa dashibodi? Kama haipepesi, pengine yako haina imobilaiza, ile inazuia injini kuwaka bila chipu ya ufunguo, kuna zilizotoka Japani bila, na wa elfu mbili atakufaa. Kama inapepesa, chuma peke yake kitafungua mlango na kuzungusha stata halafu utakuwa kama Mama Tuo. Hiyo chipu haina betri. Swichi imezungukwa na koili inayotoa mawimbi ya kama kilohezi 125, chipu inapata nguvu kutoka kwa hayo mawimbi na kujibu. Za zamani zilikuwa zinataja namba ile ile kila siku kama mtoto aliyekariri, ndiyo maana zilinakiliwa kirahisi. Zilizofuata, gari inauliza swali jipya kila mara na chipu inapiga hesabu ya jibu. Hata hizo zimewahi kuvunjwa, mwaka wa 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya RSA walifungua siri ya chipu ya Texas Instruments ya biti 40. Rimoti ya kufungua milango ni kitu kingine kabisa, hiyo ndiyo inatumia betri. Kompyuta si lazima ibadilishwe, kwa Toyota nyingi mashine inachomekwa kwa soketi chini ya usukani, memori inarisetiwa, mnangoja dakika 16, ufunguo mpya unaandikishwa. Sasa nijibu, uko na uhakika ulianguka kwa matatu? Kuongeza ufunguo mpya na kufuta ule wa zamani ni kazi mbili tofauti.

Kijana wa Donholm
Taa inapepesa. Asante fundi. Nimeshamtumia yule wa Kirinyaga Road elfu tano kwa M-Pesa, anakuja Jumamosi. Anasema kuongeza tu inatosha, kufuta ni pesa zaidi.

Baba Wawili
Kwanza nenda polisi uandikishe kwa OB, kitabu chao cha matukio, upewe abstrakti, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti. Fundi yeyote mwenye akili atakuitisha hiyo na kitambulisho na logibuku, hati ya umiliki wa gari.

Waya na Solda
Hujanijibu. Ulianguka wapi?

Kijana wa Donholm
Kwani inabadilisha nini? Umepotea. Niko na haraka na nyinyi mnanihoji kama niko kwa kizimba.

Waya na Solda
Inabadilisha kila kitu. Kama uko chini ya kiti cha matatu, hakuna mtu anajua ni wa gari gani. Kama uko kwa mkono wa mtu anayejua hiyo gari inalala wapi, ukiongeza bila kufuta umemwachia mlango wazi.

Kijana wa Donholm
Sawa. Ufunguo uko na dereva wangu wa zamani. Gari ilikuwa kwa teksi ya app, tulikosana, akaenda nao. Anasema nimrudishie dipositi yake ya elfu kumi kwanza. Nilimwambia mwisho wa mwezi nitampa, sikukataa. Lakini aliniletea gari na bampa imekwaruzwa, mnataka nimlipe na hiyo pia?

Dada wa Kasarani
Elfu kumi ni ya mtu! Unampa fundi kumi na nane ndiyo usimpe kijana kumi zake? Kaka yangu ni dereva, alifanyiwa hivyo hivyo na tajiri wake, mtoto akafukuzwa shule. Mlipe, upate ufunguo wako, na unabaki na nane mfukoni.

Kijana wa Donholm
Dada, nikimlipa leo na ufunguo ako nao tangu Jumanne, nitajuaje hajatoa kopi? Ndiyo maana naona heri mpya.

Baba Wawili
Na ulitaka uende polisi useme umepotea? Kuwapa habari za uongo ni kosa, kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Mimi ndiye nilikutuma huko, nashukuru hukuwa umeenda.

Shahidi wa Kayole
Ngojeni kwanza. Huyu alianza na matatu, sasa ni dereva. Hana spea, ana haraka, gari imefungwa, na anataka kujua ni fundi yupi haulizi maswali mengi. Mimi nasema HUYU NDIYE DEREVA, ama ni mtu tu ameona Fielder imesimama kwa ploti. Tumemfundisha mpaka dakika za kungoja! Logibuku iko kwa jina la nani?

Mama Tuo
Uwiii. Na mimi nimemwambia habari za chipu.

Waya na Solda
Nilichosema kila mwizi wa magari anakijua, tulia. Lakini swali la logibuku ni halali. Jibu.

Kijana wa Donholm
Iko kwa jina la aliyeniuzia. Nilinunua Mei, alisafiri Qatar kabla hatujamaliza transifa. Niko na sale agrimenti na mesiji zote za M-Pesa, mimi si mwizi. Alinipa ufunguo mmoja, akasema mwingine ulipotea zamani.

Baba Wawili
Mei! Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 za kuandikisha gari kwa jina lako. Na kwa kifungu cha 8, aliyeandikwa kwa logibuku ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Mpigie leo akubali transifa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, hata akiwa Qatar anaweza.

Shahidi wa Kayole
Bado siamini.

Waya na Solda
Mimi namwamini kidogo, mwizi hangetaja dipositi. Kijana, fundi akija, kabla hajafanya chochote mwambie asome memori, mashine itaonyesha funguo ngapi zimeandikishwa. Zote zifutwe. Na ujue kufuta kunazuia injini tu, chuma cha zamani bado kitafungua mlango, kwa hivyo kitasa nacho kibadilishwe.

Kijana wa Donholm (Jumamosi)
Nimemrudishia dereva elfu kumi yake asubuhi, ameleta ufunguo, tumesalimiana. Muuzaji amekubali transifa. Fundi ako hapa, amesoma memori. Inaonyesha funguo tatu. Huu wa dereva ni mmoja, ule muuzaji alisema ulipotea ni wa pili.

Mama Tuo
Na wa tatu?

Kijana wa Donholm
Nimempigia Qatar, anasema hakuwahi kuwa na tatu. Fundi amenyamaza ananiangalia. Nimemwambia afute zote, naongeza pesa. Tunangoja hizo dakika 16.