Oktoba kwenye kikundi cha "Ukoo wa Bibi Uyole"

Atu (Vermont, Marekani): [picha] Shikamooni wakubwa wote. Hii ndiyo barabara ninayopita asubuhi kwenda kazini. Miti imewaka! Ila haidumu, ukipiga upepo mmoja mkali zinabaki fito tupu.

Mama Mdogo Sekela: Marahaba mwanangu. Jamani, mpaka macho yanauma.

Gwamaka: Dada anaishi ndani ya kalenda 😂

Nuru (Iringa): Wifi, hizo rangi ndizo nazitafuta za mapazia! Nimemwambia fundi nataka nyekundu iliyopoa, kama kutu hivi, kaniletea pinki. Nikarudisha. Kaniletea pinki nyingine.

Atu: Pole wifi 😂 Huku msimu huu nyumba zote zinapambwa kwa rangi hizi. Mashada ya majani makavu mlangoni, mishumaa inanukia mdalasini, maboga yamepangwa kwenye ngazi.

Gwamaka: Bibi yuko hapa pembeni, anauliza hayo maboga yameanikwa?

Atu: Hapana, ni pambo. Mengine yanachongwa macho na meno, yanawekwa taa ndani, ndiyo Halloween hiyo, tarehe 31. Yakishaanza kuoza yanatupwa.

Gwamaka: 🎤 0:48

Gwamaka: Kwa wasio na bando la kusikiliza: Bibi anasema "yanatupwa?" Halafu "yanatupwa?" tena. Kisha anauliza mbegu zimekwenda wapi na majani yake kala nani.

Atu: Mwambie mbegu wapo wanaozikaanga na chumvi. Majani kwa kweli sijaona mtu akiyala. Na boga lenyewe wanatengenezea pai, wanatia mdalasini, karafuu, kungumanga na tangawizi. Yaani viungo vyetu vya chai na pilau vyote vimeishia kwenye boga.

Mama Mdogo Sekela: Wangetia karanga za kutwanga hapo ningewaelewa.

Atu: Ila mnikubalie, nyumbani hatuna kitu kama hiki. Oktoba ya Mbeya ni vumbi na kusubiri mvua.

Mjomba Ambokile: Nani kakuambia?

Gwamaka: Haya, bwana miti kaamka 🍿

Mjomba Ambokile: Atu, wewe unakuja Desemba kila ukija, huwezi kujua. Panda barabara ya Chunya sasa hivi. Pita Kawetere kwenye ile miti ya paini, ukishaanza kuteremka ng'ambo ya pili utaikuta miyombo, ile miti yetu ya porini. Imevaa wekundu wa shaba, mingine kama damu ya mzee, mingine rangi ya chungwa. Mlima mzima. Na mvua haijanyesha hata tone. Mti unachipua kwa maji uliyojiwekea ndani kwenye shina na mizizi.

Atu: Kwa hiyo nako majani yanapukutika?

Mjomba Ambokile: Hapana, ndiyo kwanza yanazaliwa. Huko kwenu siku zikifupika na baridi ikiingia, mti unaacha kutengeneza klorofili, ule ukijani. Njano ilikuwemo tangu zamani, ilifunikwa tu, sasa inaonekana. Wekundu mti unautengeneza mwishoni, jani likijiandaa kuanguka. Miyombo ni kinyume. Jani changa linatoka jekundu kwa sababu kijani hakijajaa, na wataalamu wengi wanaona ule wekundu unalikinga na jua kali lingali laini. Wiki chache tu limekuwa kijani kama mengine. Desemba unakuta msitu wa kawaida.

Atu: Mjomba kumbe miaka yote nakosea mwezi wa likizo!

Nuru (Iringa): Huku nako vilima vya njia ya Idodi vimeanza. Nitachuma jani moja nimpelekee fundi dukani nimuwekee mkononi. Akileta pinki tena najishonea mwenyewe.

Gwamaka: Mjomba na jakaranda za mjini mbona huzitaji? Zambarau barabara nzima.

Mjomba Ambokile: Nzuri. Ila ni mgeni kutoka Amerika Kusini, na maua yake yananigandia kwenye kioo cha gari.

Nuru (Iringa): [picha] Tukiwa kwenye rangi, nioneni kona yangu. Ukutani vikapu vya milulu, vya hapahapa Iringa. Chini ni kile chungu Mama Mdogo alichoniletea kutoka Matema kule Ziwa Nyasa, nimetia nyasi kavu.

Mama Mdogo Sekela: Umependeza mno mkwe wangu.

Atu: Wifi hiyo huku ungeuza kwa dola!

Gwamaka: Bibi kachukua simu. Anaikuza picha.

Gwamaka: Bado anaikuza.

Gwamaka: Haya. Anasema chungu cha Wakisi ni cha maharage. Wanawake wa Ikombe wanakifinyanga kwa mkono, kinachomwa, kinapakiwa kwenye mtumbwi mpaka Lyulilo, kinapanda gari mpaka Iringa, halafu kinalishwa nyasi kama ng'ombe.

Nuru (Iringa): 🙈🙈 Kamwene Bibi, shikamoo. Nitakipikia Jumapili, nakuahidi.

Mama Mdogo Sekela: Mama naye! Si wewe kila kiangazi ulikuwa unatutuma udongo mwekundu na mweupe, unapaka ukuta, unachora mistari mpaka tunachoka kubeba? Yale hayakuwa mapambo?

Gwamaka: Kanyamaza.

Gwamaka: Anasema ukuta haupikiwi maharage.

Atu: 😂😂😂 Ndaga fijo Bibi, asante sana, nimecheka mpaka wenzangu kazini wananiangalia.

Mjomba Ambokile: Sikilizeni. Jumamosi naenda Chunya kuchukua asali. Gari lina nafasi. Anayetaka kuiona miyombo aje, wiki ijayo itakuwa imeshapitwa.

Mama Mdogo Sekela: Mimi nakuja na viazi vya Umalila nimevichemsha kabisa, parachichi, kachumbari, na chai ya tangawizi chupa mbili. Tusimame pale juu unapoliona bonde la Usangu, tule hapo. Bebeni masweta, upepo wa kule hauna adabu.

Atu: Naomba picha nyingi. Na Gwamaka, usiziongeze rangi kwenye simu, najua tabia yako.

Gwamaka: Sawa bosi. Bibi anakuja, anataka siti ya mbele.

Mjomba Ambokile: Siti ya mbele ni ya Mama, hakuna mjadala. Saa kumi na mbili asubuhi kwa Mama pale, atakayechelewa tunamwacha. Mafuta tunachanga, elfu tano tano.

Mama Mdogo Sekela: Kaka, elfu tano na viazi ni vyangu?

Mjomba Ambokile: Basi wewe elfu tatu.

Mama Mdogo Sekela: Na chai?

Mjomba Ambokile: Elfu mbili. Na usiandike tena.