Ubia wa barabara, reli na bandari: umetufaa au umetugharimu?

Mwana wa Maweni (Malindi): Waungwana, tangu sheria ya ubia kati ya serikali na sekta binafsi ya 2013, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2021, hatujakaa tukaulizana kama mpango huu umefaulu. Kwangu mimi, Expressway ya Nairobi ni ushahidi tosha: kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, magari yakaanza kupita Mei 2022, na mwekezaji anajirudishia fedha zake kwa tozo. Barabara ya Mombasa hadi Malindi ingefaa kujengwa vivyo hivyo. Wenzetu wa Lamu, waliozoea punda, sijui watatozwa nini.

Binti Langoni (Lamu): Ungelikomea kwenye Expressway, ningelijibu hoja yako. Punda unaowacheka ndio wanaopandisha saruji kwenye vichochoro ambavyo gari lako lisingeingiza hata kioo cha pembeni. Na kulipa tunalipa sana: mgonjwa anayepelekwa Malindi hulipa boti hadi Mokowe, na maji yakiwa yametoka hushikwa mkono avuke kutoka boti moja hadi nyingine ndipo afike ngazini, kisha alipe basi. Boti ni za watu binafsi, gati ni la serikali. Huo nao ni ubia, ila hakuna waziri aliyekuja kuukatia utepe.

Maalim wa Shela: Punda waacheni wapumzike. Mbona hakuna aliyetaja reli? Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli ya Kenya na Uganda 2006 kwa mkataba wa miaka 25, na 2017 mkataba ukavunjwa. Mwekezaji huweza kuondoka, lakini reli hubaki mikononi mwa serikali, ikiwa nzima au mbovu. Kabla ya kusifu tozo, mtu aniambie hasara hubebwa na nani siku biashara inapokataa.

Mwana wa Maweni: Maalim, hiyo ni hadithi ya zamani. Nami sikumtukana mtu. Kumtaja punda si tusi. La kushangaza ni kwamba wanaolalamika wana bandari mpya yenye magati matatu, iliyojengwa kwa ubia huohuo.

Bin Mkunguni (Lamu): Hapo umechanganya mambo, ndugu yangu. Magati matatu ya mwanzo yalijengwa na China Communications Construction Company kwa fedha za serikali, na la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Wawekezaji binafsi walitarajiwa kwa yale 29 yaliyobaki katika mpango wa magati 32. Kwa hiyo Lamu haiwezi kuwa ushahidi wako, kwa sababu serikali ilitangulia na fedha, na mwekezaji akabaki kuhesabu meli kutoka mbali.

Binti Langoni: Turudi kwenye hiyo Expressway aliyoileta mwenyewe. Januari 2024 tozo ya gari dogo kwa safari nzima ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500, na sababu iliyotajwa ni kushuka kwa shilingi mbele ya dola. Dereva analipwa mshahara kwa shilingi. Imekuwaje yeye ndiye abebe hatari ya dola?

Mwana wa Maweni: La dola nakubali kwamba lina uzito. Asiyetaka, hata hivyo, apite barabara ya chini.

Bin Mkunguni: Wavuvi wetu hawakuwa na barabara ya chini. Mahakama Kuu hapo kwenu Malindi iliamua 2018 kwamba walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa mahali pao pa kuvua na ujenzi wa bandari hiyo ya Lamu.

Mwana wa Maweni: Fidia ni suala la mahakama. Tusilitie katika mjadala wa ubia.

Bin Mkunguni: Ni suala la ubia kabisa. Atakayekuja kuchukua magati yaliyobaki atataka iandikwe mkatabani nani atalipa ikiwa hukumu kama ile itatolewa tena. Serikali ikikubali kulibeba yenyewe, mlipa kodi wa Maweni na wa Langoni watalipia bandari ambayo hawajapitisha hata gunia.